Gofu Kwenye Daftari la Nyumbani

Ndugu msomaji, usicheke. Au cheka kwanza, kwa maana hata sisi tulicheka.

Ilikuwa jioni ya mwezi wa Julai, mwaka 2024, nyumbani kwetu Dongobesh, wilaya ya Mbulu. Baridi ilikuwa kali, watoto wamekwisha kulala, nasi tumeketi jikoni karibu na moto tukiwa na daftari la matumizi. Ndivyo tufanyavyo kila mwisho wa mwezi. Tunaandika ada, chakula, sadaka, mbolea, bima ya afya na rejesho la VICOBA. Tulipofika chini ya ukurasa, baba alichukua kalamu akaandika: "Gofu, Dubai."

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. Baba naye alicheka kidogo, kisha akanyamaza akitazama moto. Hapo ndipo tulipojua kwamba jambo hilo halikuwa utani.

Tunasema "sisi" kwa sababu habari hii ni ya watu wawili. Mmoja wetu ni muuguzi, mwingine ni fundi wa matrekta. Anayeandika ni mama, lakini baba amesoma kila mstari na amekubali usomwe na wengine.

Neno gofu halikuanzia Dubai. Lilianzia Basotu, wilaya ya Hanang, alikokulia baba. Zamani palikuwa na mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO yaliyosaidiwa na serikali ya Kanada, katika ardhi ambayo kabla ya hapo ilikuwa malisho ya Wabarbaig. Babu wa watoto wetu alikuwa dereva wa trekta huko. Mzungu mmoja alikuwa na fimbo mbili za gofu, na baada ya mavuno alikuwa akipiga mipira juu ya mabua ya ngano. Watoto wawili walikimbia kuiokota: baba, akiwa na miaka kumi hivi, na rafiki yake. Siku moja walipewa fimbo, kila mmoja apige mara tatu. Baba anasema mpira wake wa tatu uliruka vizuri sana. Mpira mmoja waliopewa ungali ndani ya sanduku lake la spana hadi leo.

Yule rafiki alikuja kufanya biashara Katesh. Alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa iliporomosha tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang, vikaifunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Yeye alikuwa mmoja wao. Tulikwenda pamoja na akina mama wa kanisani, tumebeba mablanketi, nguo na unga. Mama alifunga vidonda. Baba alichimba tope kwa koleo pamoja na wanaume wengine. Tuliporudi nyumbani, baba hakuongea sana tena. Alikwenda kazini, akarudi, akala, akalala. Sisi wauguzi tunaujua ukimya wa namna hiyo, lakini kuujua kwa mgonjwa wa wodini na kuuona mezani kwako ni mambo mawili.

Kwa hiyo jioni ile ya Julai, neno "gofu" lilikuwa kitu cha kwanza ambacho mwenzetu alikitaka baada ya miezi saba. Je, ungelifuta?

Na kwa nini Dubai? Binti yetu wa kwanza anafanya kazi hotelini huko. Alikuwa ametutumia picha ya kiwanja cha gofu, majani mabichi yamezungukwa na mchanga mtupu na majumba marefu. Baba alipoiona alisema, "Hawa wameotesha Basotu jangwani." Mama alikuwa na hamu yake pia, kwani hakuwa amemwona binti huyo kwa miaka mitatu.

Siku chache baadaye mama alisikia kwa jirani kwamba mtamba wetu amepata mnunuzi. Mtamba huyo alikuwa wa ada ya chuo ya kijana wetu, na tulikuwa tumekubaliana hivyo. Ndugu msomaji, usiku huo palikuwa na maneno makali. Kwa siku mbili tuliongea kupitia watoto tu: "Mwambie baba yako chai iko mezani." "Mwambie mama yako nimekunywa."

Siku ya tatu baba aliomba msamaha. Alisema aliona haya kuomba fedha kwa ajili ya mchezo, akadhani ni afadhali kutenda kwanza na kueleza baadaye. Mama naye hakuwa safi. Alikuwa na Sh. 400,000 alizozificha kwa shoga yake, fedha ambazo hazikuwahi kuonekana kwenye daftari. Tuliona basi kwamba mwizi hakuwa gofu. Kila mmoja wetu alikuwa amejifungulia daftari lake la pili, la siri.

Tukaamua kuandika kila kitu. Mtamba haguswi. Ada, chakula, sadaka na bima vinatoka kwanza. Zile 400,000 za mama zinakuwa fedha ya dharura. Kisha tukamwuliza binti bei, tukaketi kuhesabu kama yule mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka. Hesabu yetu ya kwanza, kwa watu wawili na siku tano, ilikuwa hivi:

Pasipoti mbili: Sh. 300,000
Nauli ya ndege: Sh. 2,900,000
Viza na bima ya safari: Sh. 600,000
Safari ya Mbulu hadi uwanja wa ndege na kurudi: Sh. 160,000
Malazi: Sh. 750,000
Chakula na usafiri wa mjini: Sh. 900,000
Gofu: Sh. 950,000
Jumla: Sh. 6,560,000

Tulishtuka, lakini si kwa sababu tuliyoitegemea. Gofu yenyewe ilikuwa karibu sehemu moja tu kati ya saba. Na hapo tulikuwa tumechukua bei ya kiwanja chenye jina, mashimo 18, ambayo katika miezi ya baridi ilizidi dirham 1,000. Juu yake tuliweka kukodi fimbo, na mipira, maana anayejifunza hupoteza mipira mingi. Kilichokula fedha ni njia ya kufika kwenye mchezo. Ndivyo starehe nyingi zilivyo. Mtu huulizia bei ya sherehe, akasahau nauli, malazi, viatu na chakula cha njiani, halafu anakopa katikati ya safari.

Jambo la pili ni fedha za kigeni. Dirham imefungwa kwenye dola ya Marekani tangu mwaka 1997, dola moja kwa dirham 3.6725, wala haiyumbi. Inayopanda na kushuka ni shilingi yetu. Ukipanga leo safari ya mwakani, hesabu kwa siku ambayo shilingi ni dhaifu. Ikipata nguvu, utafurahi. Ikidhoofika, hutaaibika.

Jambo la tatu liliwahusu wauguzi. Binti alituambia kwamba mwezi wa Julai na Agosti bei za viwanja hushuka sana. Baba akafurahi. Mama akauliza sababu. Sababu ni joto, ambalo miezi hiyo hupita nyuzi 40. Baba ana shinikizo la damu, na kidonge anachokunywa kila asubuhi ni kile cha kupunguza maji mwilini. Mtu wa namna hiyo akitembea juani saa nne, anaweza kuishiwa maji, akapata kizunguzungu na kuanguka. Kitanda cha hospitali ugenini kingemeza akiba yote. Tukasema, bei hiyo rahisi ni ghali kwetu. Tutakwenda Desemba, na atacheza alasiri.

Tulizungumza pia juu ya maji. Kiwanja cha kwanza cha majani katika nchi za Ghuba kilifunguliwa Dubai mwaka 1988. Majani hayo hayanyweshwi na mvua. Hunyweshwa maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, au maji machafu yaliyosafishwa upya. Hanang tunao akina mama wanaotembea mbali kutafuta ndoo moja. Mama alichukizwa na jambo hilo, na bado hajaacha kuchukizwa. Lakini alielewa pia kwa nini bei ni kubwa: kila unyasi pale umenunuliwa.

Je, kanisani watasema nini? Swali hili lilitusumbua kuliko fedha, kwa kuwa mama ndiye anayepita na kikapu cha michango. Tukapitia madaftari ya zamani, tukajumlisha tulichotoa katika miaka mitano kwa harusi, send-off na kipaimara. Hatukujuta kwa michango hiyo, lakini tuliona kwamba tumezoea kulipia furaha za wengine, na furaha ya nyumbani mwetu tunaiona kuwa dhambi. Tukaamua kwamba mchango wa waathirika wa Katesh hautapungua hata shilingi moja, na juu ya hapo hatutamwomba mtu radhi.

Kisha tukaipunguza hesabu. Binti aliomba alipe malazi, nasi tukakubali, ingawa baba aliona vigumu kupokea kutoka kwa mtoto. Badala ya mashimo 18 kwenye kiwanja chenye jina, baba alichagua mashimo 9 kwenye kiwanja cha kawaida. Gofu ikashuka kutoka Sh. 950,000 hadi Sh. 450,000. Tuliongeza Sh. 190,000 za kwenda Arusha mara mbili kujifunza, kwa sababu viwanja vingine havimpokei mtu asiyejua kabisa, na hasara ya kujifunzia kwenye majani ya bei kubwa ni wazi. Jumla mpya ikawa Sh. 5,500,000.

Tuliweka Sh. 200,000 kila mwezi kwa miezi 17, tukapata Sh. 3,400,000. Vitunguu saumu vilileta Sh. 1,200,000. Pikipiki ya zamani ya baba iliuzwa Sh. 900,000, safari hii mama akiwapo. Kuna miezi miwili ambayo hatukula nyama. Hatukukopa.

Tuliondoka Desemba 2025. Hatutasimulia majumba marefu, mmeyaona kwenye picha. Tutasimulia alasiri moja. Baba alivaa shati lenye kola, kwa maana bila kola huingii. Mama na binti walipanda kigari cha umeme wakamfuata. Baba alipoteza mipira saba. Mmoja uliingia majini, mwingine mchangani, na mingine Mungu ndiye ajuaye. Kwenye shimo la sita alipiga mpira mmoja ukaruka juu, mrefu na mnyoofu, ukatua katikati ya majani. Hakushangilia. Alisimama ameegemea fimbo, akataja jina la rafiki yake, akasema, "Angekimbia kuuokota." Kisha akalia, mbele ya binti yake, kwa mara ya kwanza tangu lile tope. Tulishuka kwenye kigari tukasimama naye. Waliokuwa nyuma yetu walingoja bila kusema neno.

Tulirudi nyumbani tukiwa tumegusa Sh. 65,000 tu za fedha ya dharura. Ada ya kijana imelipwa. Mtamba amezaa, na maziwa yake tunayanywa.

Hatumwambii mtu aende Dubai. Kwa nyumba nyingine mstari huo ungekuwa kuwaona wazazi walio mbali, au kupanda Mlima Hanang, au cherehani. Tunalosema ni kwamba katika kila nyumba kuna mstari mmoja ambao mtu anaogopa kuuandika, na usipoandikwa huwa unalipwa kwa siri, kwa mtamba au kwa ukimya. Jioni hii, mama mwenzetu, ukimaliza hesabu za mwezi, usilifunge daftari upesi. Mpe mwenzako kalamu, nawe uvumilie kungoja aandike. Akimaliza, leta na zile fedha ulizozificha kwa shoga yako.