Kumchagua Fundi wa Zeze

Mtu anunuapo kitanda huitazama kazi ya fundi. Anunuapo zeze hapana budi amsikilize fundi mwenyewe. Kitanda kibovu huvunjika, na mwenyewe akajua usiku uleule kuwa amepunjwa. Zeze baya halivunjiki. Hutundikwa ukutani, likasifiwa na wageni miaka na miaka, wala hakuna ajuaye kuwa ni bubu. Kwa hiyo kununua zeze ni kumchagua mtu kabla ya kuchagua chombo. Haya nimeyaona hapa Mtoni, upande wa Temeke, ambapo Barabara ya Kilwa hutuletea watu wa kila pembe ya nchi pamoja na ufundi wao.

Jina la zeze lina maana zaidi ya moja. Mahali pengine huitwa hivyo ala ya ubao mwembamba na kibuyu, ipigwayo kwa vidole. Zeze nililolitaka mimi ni la Wagogo wa Dodoma: kibuyu kilichowambwa ngozi, mti uliokipenya ukawa shingo, nyuzi mbili au zaidi, na upinde mdogo wa kuzisugua. Ndilo lililosikika katika nchi nyingi kwa mikono ya Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003.

Ala hii ina siri yake. Kila uzi utoao sauti moja huficha ndani ya sauti hiyo nyingine nyembamba, zilizopangwa na maumbile yenyewe. Gerhard Kubik, mtaalamu wa Austria, ameeleza kuwa muziki wa Wagogo umejengwa juu ya sauti hizo, tangu ya nne hadi ya tisa. Ya nane ni ile ya nne iliyopanda juu, basi hubaki sauti tano. Moja katika hizo, ya saba, iko chini kidogo ya ile iliyo jirani yake katika piano. Sikio lililolelewa na piano hudhani kuwa imekosewa, likataka kuisahihisha. Na kuisahihisha ni kuiua.

Nilielekezwa kwa watu wawili. Wa kwanza, muuzaji wa mjini, alikuwa na mazeze mengi yaliyopakwa vanishi na kuchorwa twiga. Nilipomwomba anipigie moja, alicheka kwa upole akasema yeye huuza tu. Nilipomwuliza nani aliyeyatengeneza, alijibu, “Wagogo.”

Wa pili alikuwa mzee wa Kigogo aliyepanga chumba hapa Mtoni. Nilimwamkia, naye akaitikia, “Marahaba, mwanangu. Wataka la kupiga au la kutazama?” Nikamwambia la kupiga, na la kuwafundishia wanafunzi. “Basi imba kidogo,” akasema, “nijue sauti yako inakaa wapi.” Kisha akanipa mkononi, si zeze jipya, bali lake mwenyewe, kuukuu, lenye ngozi iliyobadilishwa na shingo iliyofungwa kwa waya. Bei yake ilizidi ya mjini, tena alitaka nisubiri, kwa kuwa kibuyu kisichokauka vema hunywea na ngozi ikalegea.

Kwa hao wawili nilipata mizani mitatu. Kwanza, fundi na awe mpigaji, maana hawezi kutafuta kwa kisu sauti asiyoijua kwa sikio. Pili, aonyeshe kazi yake ya zamani, kwani upya huficha mengi. Tatu, apatikane baada ya kulipwa. Unyevu wa hewa ya pwani hulegeza ngozi, na zeze lililozoea ukavu wa Dodoma huja huku likazimia. Mwenye fundi wa karibu ana mganga wa karibu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la mazeze yaelekea kinyume: kibaya kimevaa rangi kikajiuza, na kizuri kimekaa chumbani kikimngoja mwenye masikio. Mnunuzi naye ni fundi kwa namna yake, maana alipacho ndicho kitakachotengenezwa kesho. Tukinunua twiga, hata yule mzee atachora twiga, naye hana mwanafunzi wa kumrithisha ile sauti ya saba.

Lile jibu la “Wagogo” lilinisumbua kuliko vanishi. Antonio Stradivari alifariki mwaka 1737, na mpaka leo fidla zake huitwa kwa jina lake, na jina hilo limebandikwa ndani ya matumbo yake. Zeze katika kabati la makumbusho mara nyingi huandikiwa jina la kabila, kana kwamba watu maelfu walishika kisu kimoja. Kabila halichongi shingo wala haliwambi ngozi. Mtu ndiye afanyaye hivyo, na mtu huweza kushinda au kushindwa. Pasipo jina hakuna wa kusifiwa, wala wa kulaumiwa, wala wa kuchaguliwa.

Nilimwomba mzee ruhusa ya kulitaja jina lake katika insha hii. Alikataa. Aliniomba badala yake niliandike nyuma ya shingo ya zeze, pamoja na namba yake ya simu. “Msomaji hatanitafuta, mwanangu,” alisema. “Atakayenitafuta ni yule ambaye ngozi yake imelegea.”