Peintiboli: kutoka kujifurahisha hadi kushindana

Najua niliahidi sehemu ya pili ya yale mambo ya hifadhidata. Mtanisamehe, itakuja. Leo nataka kuzungumzia peintiboli, mchezo wa kupigana kwa risasi za rangi. Wale msiopenda michezo msikimbie, kuna jambo la kazi ndani yake pia.

Mimi na peintiboli tulikutana kama wafanyakazi wengi wa Nairobi wanavyokutana nayo: kampuni ilitupeleka Jumamosi moja nje ya mji "kujenga umoja". Tulikodi bunduki, tukavaa ovaroli zilizotuzidi, tukampiga bosi risasi zote tulizokuwa nazo, tukala nyama choma tukarudi nyumbani. Wengi waliishia hapo. Sisi sita tukaanza kurudi kila mwisho wa mwezi kwa pesa zetu wenyewe. Baadaye tukaalikwa kwenye mashindano madogo ya timu za maofisi na vyuo. Kwa kuwa mimi ndiye ninayeongea sana, nikafanywa kapteni na mwalimu wa wenzangu.

Kwanza niwaeleze kidogo. Mchezo wa kwanza wa namna hii ulichezwa mwaka 1981 huko Henniker, New Hampshire, Marekani. Walikuwa wanaume 12 msituni, kila mtu kivyake, wakitafuta bendera kwa bunduki aina ya Nelspot 007 zilizotengenezwa kutia alama miti na ng'ombe. Aliyeshinda alikuwa mtaalamu wa misitu aitwaye Ritchie White, na alizikusanya bendera zake bila kufyatua risasi hata moja. Kisa hiki niliwasimulia wenzangu siku ya kwanza ya mazoezi. Walicheka, kisha wakaendelea kufyatua kama watu waliopewa risasi za bure.

Mashindano ya siku hizi hayafanani na msitu. Ni watu watano kwa watano, kwenye uwanja ulio wazi wa takriban mita 45 kwa 36, na maficho ni maboya makubwa yaliyojazwa upepo. Upande wa kushoto unafanana na upande wa kulia wa adui, kama umeweka kioo katikati, ili pasiwe na mwenye nafuu. Risasi ni kidonge cha jelatini chenye kipenyo cha milimita 17 hivi, ndani kuna rangi inayooshwa kwa maji. Inaruhusiwa kutoka mtutuni kwa mwendo usiozidi futi 300 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 320 kwa saa. Ndiyo maana barakoa haivuliwi uwanjani hata kama kioo chake kimejaa ukungu na huoni kitu. Jicho halina nakala ya akiba.

Mechi yetu ya kwanza ya majaribio tulicheza na vijana wa chuo. Walitumaliza kabla sijamaliza kupanga mbinu. Nikafanya kile mtu wa kompyuta anachofanya akishindwa: nikafungua lahajedwali. Kila mchezo niliandika nani ametoka, sekunde ya ngapi, amepigwa kutoka upande gani. Baada ya wiki chache picha ikajitokeza. Zaidi ya nusu ya vifo vyetu vilitokea katika sekunde kumi za mwanzo, tukikimbilia maficho. Tulikuwa tumelalamikia bunduki za kukodi bure.

Basi haya ndiyo tuliyoyabadilisha, na kama una marafiki wanaotaka kuvuka kutoka starehe kwenda mashindano, anza nayo kabla hujanunua chochote.

Kwanza, mbio za mwanzo. Mchezaji wa starehe humlenga mtu. Mchezaji wa mashindano huilenga njia, anajaza risasi pale mtu atakapopita, adui aingie mwenyewe. Kwa hiyo kila mtu ni lazima ajue kabla ya filimbi anakwenda wapi, na nani anamfungia adui njia wakati yeye anakimbia.

Pili, mdomo. Hili lilitushinda kwa muda mrefu. Ukimwona adui amehama useme kwa sauti, na mwenzako arudie ulichosema ili ujue amesikia. Sisi tulikuwa tunacheza kimya kama watu walio kwenye mtihani. Mtu anaona hatari, anainyamazia, mwenzake anapigwa. (Wenye kuandika programu kwa timu, hapa mnajijua.)

Tatu, mkono wa pili. Ukichungulia upande wa kushoto huku bunduki iko mkono wa kulia, nusu ya mwili wako iko nje. Jifunze kubadilisha mkono. Kwa mwezi mzima utajiona kama unapiga mswaki kwa mguu, halafu siku moja unazoea.

Risasi ni ghali kwetu, kwa hiyo mazoezi mengi tulifanya bila risasi. Tulichukua maboksi matupu ya skrini kutoka stoo ya ofisi, tukayapanga kwenye maegesho ya magari jioni kwa kufuata ramani ya uwanja, tukashika mipini ya mifagio. Mzee wa lango alituangalia siku tatu, ya nne akauliza, "Vijana, hii kalongolongo mnacheza mkiwa na mishahara?" Lakini mwezi uliofuata wale vijana wa chuo hawakutumaliza tena kirahisi.

Aliyeendelea kuliko wote alikuwa mhasibu wetu. Dada mpole, kazini husikii sauti yake. Uwanjani alichagua upande wa "nyoka", lile boya refu la chini ambalo unatambaa kwa tumbo hadi unawafikia adui ubavuni. Na alikuwa na tabia moja: akiguswa na rangi, hata tone, mkono juu na anatoka. Kwenye michezo ya Jumamosi watu hufuta rangi kwa mkono wa shati na kuendelea, na kila mtu anacheka. Mimi nililikataza hilo kabisa. Niliwaambia: kwenye mashindano kufuta ni wizi. Ukiwa na shaka, muite refa akukague. Nililisema mara nyingi, kwa sauti ya mwalimu.

Siku ya mashindano tulifika nusu fainali, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Pointi ya mwisho, tukabaki wawili kwa mmoja: mimi katikati, mhasibu ndani ya nyoka. Kazi ilikuwa moja tu, mimi nimbane adui asichungulie, yeye atoke akabonyeze kengele ya upande wao. Hapo nikasikia kitu mgongoni, kwenye mkanda wa risasi za akiba. Kimegonga. Kimepasuka au kimedunda tu? Mkanda ule ni mnene, huwezi kujua. Nilipaswa kumuita refa. Badala yake nikaegemea boya. Nikajisugua kidogo, kama mtu anayejiweka sawa, nikaendelea kufyatua.

Boya lilikuwa jeupe. Rangi ilikuwa ya njano.

Refa alinitoa mimi, na kwa sheria za siku ile akamtoa na mwenzangu mmoja, maana anayeendelea kucheza akiwa amepigwa hulipa kwa watu wawili. Mwenzangu aliyebaki alikuwa ni yeye. Alikuwa ameshachomoa mguu mmoja kwenye nyoka, hatua chache kutoka kwenye kengele. Yule adui alitembea polepole, bila hata kukimbia, akabonyeza ya kwetu.

Kwenye gari aliniuliza swali moja: "Ulijua?"

Nikamjibu, "Sikuwa na uhakika."

Ni kweli sikuwa na uhakika. Lakini niliegemea lile boya ili nisiwe nao, na hilo nililijua pale pale. Hakuuliza tena. Jumatatu alinisalimia, "Habari ya asubuhi, kapteni," na lile neno kapteni lilinikaa tumboni wiki nzima.

Nimewahi kufanya hivyo hata kazini. Unaona programu imetoa jibu la ajabu mara moja, unaiwasha upya, halirudi, unamwambia mteja iko sawa. Hujasema uongo. Umeegemea boya tu.

Zoezi lililofuata niliwakalisha wote juu ya yale maboksi, nikawaeleza ilivyokuwa, bila "lakini". Jamaa wa mauzo akasema ni mchezo tu, yaishe. Mhasibu alinyamaza kidogo kisha akasema, "Ulipaswa kusema haya siku ile, mbele ya refa na wale vijana." Hakuwa na hasira. Alikuwa anafunga hesabu. Nikawapigia kapteni wa timu ile simu palepale, wenzangu wakisikia, nikaomba radhi. Kisha nikapendekeza yeye achukue ukapteni, na wote wakainua mikono isipokuwa yeye.

Kwa hiyo mwenye kutaka kuwavusha watu kwenye mashindano, wafundishe mbio, mdomo na mkono wa pili. Hayo yanafundishika kwenye maegesho ya magari. Hili la nne jipime wewe kwanza, kwa sababu watakuangalia mgongo.

Jumamosi ijayo tuko uwanjani tena. Mimi nacheza nyuma siku hizi. Kapteni amesema nisisahau kuleta maboksi.