Gia ya pili inatosha, na breki si ya waoga

Kuna video moja nimeifuta kwa ukurasa wangu, na wengi mmekuwa mkiniuliza inboksi ilienda wapi. Ni ile ya Mark X ikizunguka kwa makutano usiku, moshi kila mahali, wasee wamesimama kando wakipiga nduru. Hakuna video yangu nyingine iliyowahi kutazamwa kama hiyo. Wacha niwaambie kwa nini haipo tena.

Binamu yangu ana miaka 19. Aliitazama mpaka akaikariri. Jumapili moja akachukua Probox ya anti, akaingia barabara ya mtaani kwao, akafika kwa kona akavuta breki ya mkono. Gari likabeba jiko la mama anayechoma mahindi, likaishia kwa mtaro. Kijana alivunjika mtulinga. Yule mama alikuwa ametoka dakika hiyo kwenda kutafuta chenji. Anti hakunipigia simu kunigombeza. Alinitumia picha ya jiko limebonyea, na maneno matatu: "Alikuona wewe tu."

Manze, hayo maneno hayajawahi kunitoka. Nikajiuliza, video yangu ilimfundisha nini? Haikuonyesha niko gia gani. Haikuonyesha mguu uko wapi. Hata haikumwambia kwamba Probox yao inavutwa na tairi za mbele, ilhali Mark X ile inasukumwa na za nyuma. Kwa Probox ukifunga tairi za nyuma, mkia utatupwa, sawa, lakini injini haina njia ya kuzizungusha hizo tairi ili mkia uendelee kuteleza vile unavyotaka.

Na ukweli mchungu ni kwamba hata mimi sikujua. Gia ilikuwa kwa D, gari lenyewe likijichagulia. Nilizima swichi ya kuzuia kuteleza, nikakunja usukani, nikakanyaga mafuta, nikaomba Mungu. Breki ya kuegesha ya Mark X iko chini, inakanyagwa kwa mguu wa kushoto, na sikuigusa hata mara moja. Kilichoniokoa ni kwamba barabara ilikuwa tupu.

Basi nikaamua kujifunza vizuri. Kuna fundi namjua ana Toyota DX, ile Corolla ya zamani, injini ya 1300, gia za mkono, inasukumwa na tairi za nyuma. Msicheke. AE86 iliyompa jina Keiichi Tsuchiya kule Japani ni Corolla ya miaka ya themanini, ukoo ni huo huo. Fundi alipata ruhusa ya kutumia uwanja wa saruji wa ghala moja lililofungwa, ukuta uko mbali, watu hakuna. Tulimwaga maji chini ili gari lisilo na nguvu nyingi liteleze kwa mwendo mdogo na tairi zisiishe.

Nilifika nikiwa na kamera na kofia. Akaniambia, "Kijana, weka hiyo kamera kwa buti. Leo unajifunza kusimama."

Asubuhi nzima! Gia ya pili, kilomita 40 kwa saa, nikifika kati ya tairi mbili kuukuu alizoweka, klachi na breki chini pamoja, gari lisimame kabisa. Tena. Tena. Nilikasirika. Baadaye ndipo nilielewa: gari likishakushinda, dawa ni hiyo moja. Miguu yote miwili chini, shikilia usukani, ungoje. Injini haizimiki na haisukumi tena, na gari linateleza kuelekea lilikokuwa linaenda mpaka lichoke. Ndiyo maana unahitaji nafasi. Kwa barabara ya mtaani hiyo nafasi ina mtu, ina boda, ina jiko la mahindi.

Alasiri tukaingia kwa gia. Nilidhani gia ya kwanza ndiyo ya wanaojifunza, maana ni ya polepole. Fundi akaniacha niijaribu. Kwa ule mwendo wa 40, injini ilikuwa tayari inalia karibu na mwisho wake. Tairi zikianza kuzunguka bure zinahitaji injini ipande zaidi, na haikuwa na pa kupanda. Tena kila nikigusa mafuta kidogo gari linaruka, nikiachia linajivuta. Ya tatu nayo ililala, gari likakosa nguvu ya kuendeleza mtelezo. Kuiamsha ningehitaji mwendo mkubwa, na mwendo mkubwa kwa mtu anayejifunza ni kujitafutia. Ya pili ikakaa katikati. Injini ilikuwa na nguvu ya kuzungusha tairi, na mguu wangu ukawa na nafasi ya kukosea kidogo bila kuadhibiwa. Unaichagua kabla ya kona na unakaa nayo. Habari ya kubadilisha gia katikati ya mtelezo wachana nayo kwanza.

Breki ya mkono nayo nilikuwa nikiivuta kama mtu anang'oa muhogo. Kumbe ina mpangilio. Kunja usukani kuingia kona, kanyaga klachi ili tairi zikifungwa zisizime injini, vuta huku umebonyeza kile kitufe cha juu ili isikwame, achia mara tu mkia unapoanza kutoka. Kisha rudisha usukani upande ule mkia unakoelekea, achia klachi, mafuta kidogo. Ni kama sekunde moja tu.

Breki ya mguu ndiyo ilinishangaza zaidi. Ukiikanyaga kabla ya kona, gari likiwa bado limenyooka, uzito wote unakimbilia mbele. Pua inainama, mkia unakuwa mwepesi, na ukikunja usukani hapo gari linataka kuzunguka lenyewe. Breki ile ile ukiikanyaga kwa hofu katikati ya mtelezo, huku umeachia mafuta ghafla, tairi za nyuma zinashika chini kwa mara moja, na gari linarushwa upande wa pili kama mlango uliopigwa na upepo. Nilifanya hivyo mara mbili. Kwa uwanja mtupu nilipata kizunguzungu tu. Kwa makutano ya ile video ningekuwa nazungumza na nyinyi kutoka kwingine. Na mkumbuke Sheria ya Trafiki inasema ukiua mtu kwa kuendesha vibaya unaweza kufungwa hadi miaka 10.

Najua wengine mtasema nimezeeka, kwamba drifti ni ya barabarani, ati uwanja ni wa matajiri. Naelewa. Viwanja ni vichache na pesa ni shida. Lakini sisi tulichanga mafuta watu wanne na tukaomba ruhusa kwa adabu. Kutafuta lami tupu saa nane usiku ni rahisi zaidi, kweli, ila hiyo bei hulipwa na mtu ambaye hakuja kutazama.

Nimeweka video mpya. Ni dakika tatu za DX nyeupe ikisimama kati ya tairi mbili, kisha ikiteleza kidogo tu mwishoni, gia ya pili, mguu wangu ukionekana. Watazamaji ni wachache mpaka aibu. Mmoja wao ni binamu yangu, mkono bado uko kwa kitambaa. Ameniuliza swali moja: "Klachi unaikanyaga kabla ya kuvuta ama baada?"

Kabla, bro. Ukipona nitakuonyesha, na anti atakuwa amesimama kando akitazama.