Vipanga, Vilaza na Mashimo ya Wamatengo

Shule zetu zina makabila mawili: vipanga na vilaza. Mtoto hupewa jina hilo mapema na mara nyingi huzeeka nalo. Mtihani wa darasa la saba ukishapita, kilaza hurudi shambani au ziwani, nasi tuliobaki darasani huamini kwamba akili imebaki nasi. Mimi ninaishi kwa kusahihisha mitihani, hivyo swali hili haliniachi: hasa tunapima nini?

Mwaka 1904 Mwingereza Charles Spearman alionyesha kwamba mwanafunzi anayefanya vizuri katika somo moja huelekea kufanya vizuri katika mengine. Akahitimisha kuwa nyuma ya vipaji vyote ipo akili moja ya jumla. Mwaka uliofuata, nchini Ufaransa, Alfred Binet na Théodore Simon walitoa kipimo cha kuwabaini watoto wanaohitaji msaada darasani. Lengo lilikuwa kusaidia, na Binet alipinga wazo kwamba akili ya mtoto ni kiasi kisichobadilika. Kipimo kilipofika Marekani kikageuzwa chujio. Katika Vita Kuu ya Kwanza kilitumika kuwapanga askari kwa madaraja.

Howard Gardner, mwaka 1983, alisema akili ni nyingi: ya lugha, ya hesabu, ya muziki, ya mwili, ya kuwaelewa wenzako. Nadharia yake inapendwa na walimu, ingawa ushahidi wa vipimo bado unamwelemea Spearman. Robert Sternberg alizitaja tatu: ya kuchambua, ya kubuni na ya kutenda. Yeye na wenzake waliwapima watoto wa Kiluo huko Usenge, Kenya, juu ya ujuzi wa mitishamba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini katika majaribio ya kitaaluma, hasa ya msamiati. Sisomi hapo kwamba shule inapumbaza. Ninasoma kwamba mtoto huikuza akili pale ambapo jamii yake inaona faida.

Sasa tuzipeleke nadharia hizi Mbinga. Kwenye miteremko mikali ya Umatengo, mvua ingeweza kuuhamisha udongo wote hadi bondeni. Wamatengo wakabuni ngoro. Majani hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufukia majani hayo. Kilima hubaki kimejaa mashimo yanayonasa maji, na matuta yenye mboji ambapo maharage hupandwa, kisha mahindi katika msimu unaofuata. Kwa desturi, wanaume hufyeka na kulaza majani, wanawake huchimba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Japani wamekwenda huko kujifunza.

Ukiteremka hadi Liuli au Mbamba Bay, utamkuta mvuvi wa usipa akiamua, kwa kutazama anga na maji, kama mtumbwi utoke usiku huo. Akikosea, hakuna mtihani wa marudio.

Ngoro haikubuniwa na kipanga mmoja. Ni akili ya vizazi, iliyosahihishwa na mvua. Hapo Spearman, Gardner na Sternberg wote wanapungukiwa, kwa kuwa kila mmoja alitafuta akili ndani ya mtu mmoja aliyeketi peke yake. Robert Serpell aliwasikiliza Wachewa wa Zambia akakuta kwamba neno lao nzelu huunganisha wepesi wa kufikiri na uwajibikaji kwa wengine. Waswahili nao walionya zamani: akili nyingi huondoa maarifa.

Sipendekezi mitihani ifutwe. Nchi inahitaji wahandisi na madaktari, na alama husema jambo fulani la kweli juu ya masomo. Lakini afisa anayepanda miteremko ya Mbinga na vipeperushi vyake aanze kwa kuuliza, kabla ya kufundisha. Na mwalimu anayemwita mtoto kilaza akumbuke kwamba maharage ya chakula chake cha mchana huenda yalipandwa na mama ambaye naye aliwahi kuitwa hivyo.