Uvimbe Chini ya Sikio la Mtamba

Ukitaka kujua thamani ya ng'ombe, usiulize bei yake mnadani. Uliza ni karo ya nani inayomtegemea. Nyanya yangu, ambaye boma lake liko Mbololo, si mbali na mji wa Voi, alikuwa na ng'ombe wa gredi wawili tu: mmoja wa maziwa na mtamba wake. Maziwa ya yule mkubwa ndiyo yaliyonunua sukari, sabuni na mafuta ya taa. Na ndiyo yaliyomweka binamu yangu darasani, kidato cha tatu.

Masika ya mwaka jana yalikuja na nyasi, na nyasi zikaja na kupe. Ng'ombe wa maziwa alivimba tezi chini ya sikio, akaacha kula, akaanza kuhema na kutoka povu puani. Alikufa kabla ya wiki kwisha. Nilipofika kutoka Nairobi kumpa nyanya pole, nilimkuta hata hana nafasi ya kulia. Mtamba naye alikuwa amevimba pale pale.

Mjomba alikuwa tayari ameweka chuma motoni ili auchome ule uvimbe. Hii ni desturi ya zamani, na si Mbololo peke yake; wafugaji wengi wa Afrika Mashariki wameijua. Lakini nyanya alisimama mbele ya zizi.

"Mwanangu, yule mwingine ulimchoma," alimwambia mjomba kwa upole. "Kama moto unaponya, yuko wapi?"

Mjomba hakujibu. Alikitoa chuma motoni, akaondoka kwenda kumtafuta daktari wa mifugo.

Daktari alifika jioni kwa pikipiki. Baada ya shikamoo na marahaba, alimpima mtamba joto: digrii 41. Kisha akadunga sindano ndani ya tezi, akavuta majimaji kidogo na kuyapaka juu ya kioo ili ayatazame kwa hadubini. Mpwa wangu wa darasa la saba, ambaye hapitwi na jambo, akauliza, "Daktari, kwani ng'ombe pia hupata saratani?"

Watu wazima walicheka. Daktari hakucheka. "Umekaribia sana, kijana," alisema.

Naam, msomaji, maneno hayo ndiyo yaliyonipeleka kwenye vitabu niliporudi mjini. Ugonjwa wenyewe ni ndigana kali. Huletwa na kijidudu kidogo kabisa kiitwacho Theileria parva, kinachobebwa na kupe wa kahawia apendaye masikio ya ng'ombe. Kijidudu hicho hakimwambukizi binadamu. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, iliyoko Nairobi, imekadiria kuwa ugonjwa huu huua takriban ng'ombe milioni moja kila mwaka katika Afrika Mashariki, Kati na Kusini.

La ajabu ni jinsi unavyoua. Kijidudu huingia ndani ya chembe nyeupe za damu, yaani wale askari hasa wanaoulinda mwili. Hakiwaui askari hao, bali huwapumbaza. Kila askari aliyeingiliwa huanza kugawanyika, mmoja akawa wawili, wawili wakawa wanne, bila amri na bila kikomo. Hujazana kwenye tezi, kisha huenea mwilini hadi mapafuni. Hivyo ndivyo chembe za saratani zifanyavyo. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: dawa ikikiua kijidudu kilicho ndani, chembe hizo huacha wazimu wao. Ndiyo maana wanasayansi wa saratani ya binadamu nao wameushughulikia ugonjwa huu wa zizini kwa miaka mingi.

Daktari alimdunga mtamba dawa iitwayo buparvakwoni. Alituambia wazi kwamba dawa hii huponya ikiwahi, na kwamba mapafu yakishajaa maji ni kazi bure. Siku mbili mtamba alisimama kama gogo. Siku ya tatu alinyoosha shingo akalamba chumvi kwenye kiganja cha nyanya.

Huenda utauliza: je, kwa nini tungoje ng'ombe augue? Mwili hauwezi kufundishwa kujilinda wenyewe? Swali hili ndilo linalowashughulisha wataalamu wa uvimbe wa wanyama kote duniani. Huko Marekani, mathalan, mbwa husumbuliwa na saratani ya kinywani iitwayo melanoma, inayoanzia kwenye chembe zinazotia mwili rangi. Mwaka 2007 serikali ya nchi hiyo iliidhinisha kwa masharti chanjo ya kuitibu, na mwaka 2010 ikatoa idhini kamili. Chanjo hiyo, iitwayo Oncept, haina kijidudu chochote ndani yake. Ina jeni tu, yaani maandishi ya urithi, tena jeni ya binadamu!

Kazi yake ni hii. Mbwa hudungwa jeni hiyo, na mwili wake huisoma na kutengeneza protini ya binadamu. Protini hiyo inafanana sana na ile iliyomo kwenye chembe za saratani ya mbwa, lakini si sawa kabisa. Askari wa mwili, ambao walikuwa wakiipita saratani kama mtu wa nyumbani, hushtuka wakiona mgeni. Wakishajifunza kumpiga huyo mgeni, humpiga na yule anayefanana naye. Ni sawa na mlinzi aliyezoea kumfungulia mwizi lango kwa kuwa ni mtoto wa jirani. Siku akija mgeni mwenye sura ile ile, ndipo mlinzi anapofumbua macho. Hata hivyo, tusiitie chumvi habari hii. Chanjo hiyo hutolewa baada ya uvimbe wenyewe kukatwa au kuchomwa kwa mionzi, na tafiti zilizofuata zimetofautiana kuhusu ni kwa kiasi gani inarefusha maisha.

Mbwa wa New York, basi, ana chanjo ya jeni. Ng'ombe wa Mbololo je?

Hapa ndipo nilipopata fahari na uchungu kwa pamoja. Fahari, kwa kuwa somo la kuwafundisha askari wa ng'ombe lilianza hapa hapa kwetu. Huko Muguga, nje kidogo ya Nairobi, watafiti wa Afrika Mashariki waliunda katika miaka ya 1970 chanjo ya ndigana kali inayotumika hadi leo. Vijidudu hai kutoka kwa kupe hudungwa mwilini, na wakati huo huo ng'ombe hupewa dawa ya oksitetrasiklini inayokaa muda mrefu. Ugonjwa huja kwa upole, askari wanajifunza, na kinga yaweza kudumu maisha yote ya ng'ombe. Mwaka 2005 wanasayansi, wakiwemo wa ILRI, walitangaza kuwa wamesoma jeni zote za kijidudu hicho, zipatazo 4,000, ili siku moja ipatikane chanjo isiyohitaji kijidudu hai. Moja ya protini zilizojaribiwa, iitwayo p67, ilipunguza ugonjwa mkali kwa karibu nusu katika majaribio yaliyofanywa Kenya. Nusu si haba, lakini nusu haimlipii mtoto karo.

Uchungu ni huu. Chanjo ya Muguga lazima ihifadhiwe kwenye naitrojeni ya maji, yenye baridi kali kupita friji yoyote ya nyumbani. Kirija kimoja hutosha ng'ombe wapatao 30 hadi 40, na kikishayeyushwa sharti kitumike kwa muda wa saa chache. Mwenye ranchi hana shida. Lakini bibi kizee mwenye mtamba mmoja atawatoa wapi wale wengine 39? Isitoshe, sisi tunapakana na mbuga ya Tsavo. Nyati hubeba aina za kijidudu hiki ambazo chanjo haizizuii sawasawa, kwa hivyo kuogesha mifugo hakuepukiki hata baada ya chanjo.

Nyanya alipoelezwa hayo hakuuliza habari za jeni. Aliuliza, "Wanatakiwa wangapi?" Kesho yake alishika bakora yake, akaanza kupita nyumba baada ya nyumba. Wengine walimpa jina la ng'ombe wao papo hapo. Wengine walisema wao hutegemea kienyeji, nao kienyeji huvumilia kuliko gredi. Jirani mmoja alimwambia kwamba kumdunga ng'ombe mzima ugonjwa ni kutafuta balaa. Nyanya hakubishana naye. Alimwonyesha zizi lenye nafasi ya ng'ombe mmoja aliyekosekana. Kufikia jioni ya siku ya pili, binamu yangu alikuwa ameandika kwenye daftari lake la hesabu ng'ombe 26.

Kwa hivyo, ewe unayesoma ukurasa huu mjini, huku ukiwa na mzazi au nyanya mwenye ng'ombe mashambani, usingoje simu ya msiba. Waambie wakague masikio ya mifugo kila jioni. Wakiona tezi imevimba na joto limepanda, wamwite daktari siku hiyo hiyo, wala wasichome. Na wewe mwanafunzi unayedhani somo la bayolojia ni la kupita mtihani tu, jua kwamba kazi ipo bado. Chanjo ya jeni inayoweza kusafiri hadi Mbololo ndani ya kikapu cha kawaida, ya kumtosha ng'ombe mmoja wa mjane mmoja, inangoja mtu wa kuitengeneza. Umoja ni nguvu, lakini ng'ombe 14 waliobaki si rahisi kuwapata.