Picha 36 zilizonifanya niichukie kamera

MSOMAJI wangu, kuna watu waliacha pombe, wengine wakaacha sigara, mie mwenzenu niliacha kamera. Niliiacha mwaka 1994, nikaifungia kwenye begi la nguo chini ya kitanda, na kwa miaka 13 sikuigusa. Ukinialika harusini nakuja, ubwabwa nakula, muziki nacheza, lakini ukinipa kamera nikupigie hata moja tu, natafuta sababu natoka nje. Wiki hii nataka nikusimulie kilichonitoa na kilichonirudisha, maana nahisi hata nyumbani kwako yapo ya namna hii.

Kwanza nikueleze ugonjwa wenyewe ulivyoanza. Kamera yangu ilikuwa Zenit, ile ya Kirusi, nzito kama tofali. Niliuziwa na jamaa mmoja aliyesoma Urusi, akarudi na kamera mbili na koti la manyoya ambalo kwa joto la Dar es Salaam halikuwa na kazi yoyote. Zenit ile haikuwa na makuu. Mbele ilikuwa na kidirisha cha kupimia mwanga kisichohitaji betri, na spidi zake zilikuwa tano tu, kuanzia 30 mpaka 500, ukiondoa ile B ya kuliacha jicho wazi. Ukibonyeza inalia kwachaa, kuku wote uani wanakimbia.

Mungu wetu mdogo wakati ule alikuwa Mohamed Amin. Si unamkumbuka? Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia hapa hapa Dar, na mwaka 1963 akaanzisha kampuni yake ya Camerapix katika jiji hili hili. Ndiye aliyepiga zile picha za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 zilizoitikisa dunia, na akafa Novemba 1996 katika ndege iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro. Sisi vijana wa Zenit tulikuwa tukisikia jina lake tunajiona kama wajukuu zake, hata kama kazi yetu kubwa ilikuwa kupiga ubatizo na mahafali ya darasa la saba.

Lakini raha ya kamera za mkanda ilikuwa na fimbo yake, nayo ni kuhesabu. Mkanda mmoja picha 24 au 36, basi. Kuununua pesa, kuusafisha pesa, kila nakala pesa. Kwa hiyo mpigaji anafikiri mara tatu kabla ya kubonyeza. Na anayepigwa naye anajua kwamba hiyo ni moja tu na hairudiwi, kwa hiyo anakaza shingo, anabana pumzi, anaweka mikono magotini. Hebu fungua albamu ya nyumbani kwenu. Wote wamekaa kama wako mahakamani wanasubiri hukumu! Si kwamba wazee wetu walikuwa hawacheki. Walikuwa wanaogopa kutuharibia mkanda.

Haya, tufike kwenye kisa. Agosti 1994 mdogo wangu wa kike anayenifuata aliolewa nyumbani kwetu Korogwe. Kamati ilipokaa, ikaja hoja ya kumlipa mpiga picha. Mie nikasimama na kidomodomo changu, mpiga picha wa nini wakati mie nipo? Hizo pesa ongezeni mchele. Watu wakanipigia makofi. Nikanunua mkanda wa rangi wa picha 36, nikauvalisha asubuhi ile ile ya harusi huku naitwa huku na kule, maana msafara wa bwana harusi ulishaingia.

Nikapiga bwana. Bibi harusi akitolewa ndani, mashangazi na vigelegele vyao, wazee mkekani. Na Baba. Baba yetu hakuwa mtu wa picha hata kidogo, lakini siku ile alivaa kanzu mpya, akamshika binti yake mkono, akaniambia, "Haya, tupige sasa, usije ukasema nilikataa." Nikapiga tatu. Kwa mtu wa Zenit, kumpiga mtu tatu ni heshima kubwa.

Nilipofika ya 36 nikashangaa mkanda haukazi. Nikapiga ya 37, ya 38, ya 40. Tumbo likaanza kuniuma. Kwa wasiojua, unapovalisha mkanda ncha yake unaichomeka kwenye roli upande wa kulia. Kila unaposogeza picha, kile kifundo cha juu upande wa kushoto lazima nacho kizunguke. Kisipozunguka, ujue ncha imechomoka. Kamera italia, namba zitapanda, lakini mkanda umelala zake ndani ya kopo. Mie na haraka zangu, sikukitazama kile kifundo hata mara moja.

Nikajipa moyo, nikaupeleka studio moja Tanga mjini. Baada ya siku mbili fundi akanitolea kitu kirefu, rangi ya chai ya rangi, kisafi kabisa, hakina kivuli cha mtu hata mmoja. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Kijana, hapa hukupiga kitu."

Desemba mwaka ule ule Baba akatutoka. Ilipotafutwa picha ya kumkumbuka, ikapatikana moja tu, ya pasipoti, kwenye kitambulisho chake cha kazi cha zamani, na muhuri wa ofisi umempita kuanzia begani hadi kidevuni. Hakuna aliyenisema. Nakwambia kweli, ingekuwa nafuu wangenisema. Mdogo wangu aliniomba tu ule mkanda mtupu. Nikampa, nikajua anakwenda kuutia moto kwa hasira. Siku hiyo ndiyo Zenit iliingia kwenye begi.

Sasa ruka nami mpaka Idd el Hajj, Desemba 2007. Mdogo wangu akaja Dar na Mama kusherehekea kwangu. Baada ya kula akatoa kwenye mkoba kikamera cha Canon, kidogo kama kipande cha sabuni ya kuogea, megapikseli 4, kinatumia betri mbili ndogo za saa ya ukutani.

"Kaka, hii shemejio kaletewa kutoka Dubai, mimi siijui. Mpige Mama."

Nikasema macho yangu siku hizi hayako sawa.

"Acha uongo. Ule mkanda ninao mpaka leo, unajua?"

Nikanyamaza. Akaendelea, "Nimeuweka kwenye kopo la biskuti pamoja na cheti cha ndoa. Wewe unafikiri niliutupa. Nitautupaje, kaka? Siku ile Baba kanishika mkono, ule mkanda ulikuwepo pale pale. Sasa mpige Mama."

Utasema nini hapo? Nikaichukua.

Kusema kweli niliidharau. Haina uzito, haina kwachaa. Nikamlenga Mama, nikabonyeza, na kabla sijashusha mkono Mama mwenyewe akatokea kwenye kioo kule nyuma, na kanga yake na kila kitu. Mtu niliyepoteza picha 36 kwa kutojua kama zimeingia, leo naonyeshwa papo hapo kwamba imeingia! Magoti yalinilegea, nikaketi kwenye jamvi nikijifanya natafuta pembe nzuri.

Baadaye niliposoma habari zake nikagundua kumbe teknolojia hii ni ya zamani kuliko hata Zenit yangu ilivyokuwa mikononi mwangu. Mwaka 1975 mhandisi mmoja wa Kodak, Steven Sasson, aliunda kamera ya kwanza ya aina hii. Ilikuwa na uzito wa kama kilo tatu na nusu, picha yake ilikuwa nyeusi na nyeupe yenye nukta elfu kumi tu, na ilichukua sekunde 23 kuiandika picha moja kwenye kaseti. Kaseti, hizi hizi za muziki! Na Kodak hao hao, waliotajirika kwa kuuza mkanda, Januari 2012 walilazimika kuomba ulinzi wa mahakama kwa kuzidiwa na madeni. Dunia ndivyo ilivyo.

Turudi kwa Mama. Picha ya kwanza alikaa kiaskari kama kawaida yao. Ya pili vile vile. Ya tatu akaniambia, "Basi mwanangu, utaumaliza mkanda."

"Hakuna mkanda, Mama."

"Sasa mimi naingilia wapi?"

Mdogo wangu akaangua kicheko. Nikajaribu kueleza habari ya kadi, nikajikanyaga mwenyewe, Mama akaguna, nami nabonyeza tu. Ya kumi, ya kumi na tano. Ilipofika kama ya ishirini Mama alikuwa ameshasahau kama kuna kamera. Akawa anasimulia jinsi Baba alivyoikataa kanzu ya harusi mpaka akaambiwa mwenye duka hapokei kitu kilichorudishwa, na hapo akacheka. Alicheka kichwa nyuma, pengo linaonekana, mkono mmoja kifuani. Nikaipata.

Hapo ndipo nilipoelewa ugonjwa wangu. Mie sikuichukia kamera. Niliogopa kukosea, kwa sababu kukosea kwa mkanda hakukuwa na msamaha. Hiki kikamera chenye umbo la sabuni kilikuwa kinaniambia kosea, futa, piga tena. Usiku ule sikulala. Nilipiga feni, nikapiga sufuria, nikapiga vidole vya miguu yangu mwenyewe. Mke wangu akaniuliza kama nimerogwa.

Lakini sitakudanganya kwamba dijitali haina fimbo. Inayo, tena kubwa. Nilinunua yangu, na kwa vile hakuna kuhesabu, nikawa napiga hovyo. Narudi na picha 140, kati ya hizo 30 ni jogoo mmoja. Sisafishi hata moja, zote zimo kwenye kadi na kwenye kompyuta ya kuazima. Mwaka 2009 mpwa wangu akachukua ile kadi aweke nyimbo zake, kompyuta ikamwuliza kama ifute vilivyomo, naye mtoto wa watu akakubali. Miaka miwili ikaondoka kwa kidole kimoja.

Nilikaa chini kwenye sakafu kama siku ile Tanga. Kisha nikakumbuka. Mama, siku ile ya Idd, alipoonyeshwa kicheko chake kwenye kioo alisema, "Hii ya humo ndani ni yako. Yangu nenda kanisafishie." Nikaenda, nikasafisha 11, saizi ya postikadi, ambayo hata nukta milioni mbili zinaitosha, kwa hiyo megapikseli 4 zilikuwa nyingi kupita kiasi. Zile 11 ndizo zilizobaki katika miaka miwili yote, na kicheko kimo.

Kwa hiyo nikukanye kidogo, msomaji. Leo kila mtu ana simu yenye kamera inayoishinda ile Canon mara kumi, na hakuna anayehesabu. Piga sana, usiogope, waache wazee wako wachoke kukaa kiaskari mpaka wacheke. Lakini kila mwaka chagua hata 10 tu, zipeleke zikasafishwe, na zile nyingine ziweke sehemu mbili. Simu inaibiwa, simu inaingia maji, na wapwa hawajaisha duniani.

Mama naye alishatangulia mbele ya haki, mwaka 2016. Safari hii hatukuhangaika kutafuta picha. Kile kicheko kiko ukutani sebuleni kwa mdogo wangu Korogwe, kwenye fremu, na chini yake lipo kabati lenye kopo la biskuti. Kila nikienda ananipa chai, tunakaa hapo. Zenit nimeitoa kwenye begi, siku hizi nayo imekaa juu ya kabati hilo. Watoto huniuliza kama ni bunduki.

Tukutane wiki ijayo, tukijaliwa.