Kuuza na Kuuzisha

Dar es Salaam, anayeuza ndiye mwenye mali. Lubumbashi, anayeuza ndiye mwenye pesa. Kwetu kuuza ni kununua, na anayetoa kitu chake ili apate pesa, huyo anauzisha. Mgeni akisimama katika soko la Kenya na kumwuliza mama wa nyanya, "Unauza?", atajibiwa, "Hapana, miye nauzisha."

Darasani jambo hili huelezwa haraka: ni kiambishi cha usababishi. Kibemba kina kushita, kununua, na kushitisha, kuuza. Kishona kina kutenga na kutengesa, kwa mpangilio uleule. Kiswahili chetu kimefuata majirani na ndugu zake. Kinachofurahisha zaidi ni kwamba mzizi wa kale wa Kibantu ulikuwa na maana ya kununua, na ile z ya uza ni alama ya usababishi wa zamani ambao wasemaji wameusahau. Sisi wa Katanga tumeongeza usababishi mpya juu ya ule uliokufa. Kwa hiyo kuuzisha ni kumfanya mtu mwingine anunue. Mwaka jana kiambishi hicho kilitoka kwenye daftari langu kikaingia nyumbani kwetu.

Familia ya mama yangu ni ya Lukafu. Kabla Élisabethville haijaanzishwa mwaka 1910, Comité Spécial du Katanga, iliyoundwa mwaka 1900, ilikuwa na makao yake pale, karibu na milima ya Kundelungu. Leo mtu akitaja mji mkuu wa Katanga hakuna anayeiwaza Lukafu. Nkambo, mama wa mama yangu, anaikumbuka kwa masimulizi ya baba yake, na pamoja na masimulizi hayo alirithi upanga. Urefu wake ni kama kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Una makali pande mbili, na mpini wake umezungushiwa waya mwembamba wa shaba. Nyumbani husemwa kwamba ulifichwa chini ya mtama wakati askari wa kituo walipopita wakikusanya silaha.

Nkambo ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Baba mudogo alipiga hesabu ya upasuaji, akautazama upanga. Dalali mmoja wa mjini alimwambia kwamba vitu kama huo hupigwa mnada mtandaoni, huko Ubelgiji na Ufaransa, na kwamba kinachohitajika ni picha nzuri na maandishi mazuri ya Kifaransa. Baba mudogo akanigeukia: "Weye njo ulisoma. Andika."

Nilianza kwa kusoma matangazo ya minada, kama ninavyosoma matini yoyote. Kazi yenyewe ina kanuni zake. Upanga hupigwa picha pande zote mbili, rula ikiwa kando yake. Haung'arishwi, kwa sababu rangi ya uzee ikifutwa bei hushuka. Mwenye mali anaweza kuweka bei ya chini ambayo kitu hakiondoki kabla ya kuifikia, na mara nyingi madau makubwa huja dakika za mwisho. Mnunuzi hulipa ada ya mnada juu ya dau lake.

Lakini bei hupandishwa na maneno. Ngulu, upanga uliopinda wa watu wa Ekweta, hutangazwa mara kwa mara kuwa "upanga wa mnyongaji", hata kama ulibebwa kwenye ngoma na sherehe. Jina lake lenyewe, kwa sikio la msemaji wa Lingala, ni nguruwe. Na chini ya picha huja sentensi ninayoijua sasa kwa moyo: kilikusanywa Kongo kabla ya 1960. Ni kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. Kiswahili kinaruhusu sentensi hiyo, ila mtu akiisema mbele ya wazee wa Lukafu, swali litakalofuata ni "na nani?"

Dalali alitaka niandike sentensi hiyohiyo: kwamba upanga umetoka katika mkusanyo wa zamani wa Kibelgiji. Niliandika rasimu tatu. Ya kwanza ilisema ukweli, kwamba upanga uko Lukafu na mwenyewe yu hai. Haikufaa, kwa kuwa ordonansi-sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali za utamaduni wa nchi yetu, na kitu cha kale hakivuki mpaka bila kibali. Ya pili ilinyamazia jambo hilo. Ya tatu ilikuwa ya dalali, na ndiyo pekee iliyoweza kuleta pesa. Nilifikiria hotuba ya Mobutu katika Umoja wa Mataifa mwezi Oktoba 1973, alipodai kazi za sanaa zirudishwe. Kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ilirudisha vitu 114. Nami nilikuwa natunga sentensi ya kupeleka cha 115 upande wa pili.

Nkambo aliposikia tunabishana aliuliza, "Njo nani iko nauza?" Baba mudogo akajibu kwamba hatujui, hatutaona hata uso wake. Nkambo akasema kwamba mtu hawezi kumwuzishia asiye na jina kitu ambacho kina majina. Baada ya hapo hakusema tena. Nilimwambia dalali kwamba karatasi haitaandikwa.

Baba mudogo aliwaomba wenzake wa likelemba wampe zamu yake mapema, na mama akauzisha magunia mawili ya mahindi. Nami nimeandika karatasi moja, kwa Kiswahili, yenye majina ya waliourithi upanga, nikaifunga pamoja nao.

Jicho moja la nkambo linaona. La pili linangoja zamu nyingine ya likelemba. Tukiwa wawili, baba mudogo bado huniuliza, bila hasira, ni maneno mangapi hasa yaliyokuwa katika ile rasimu ya tatu. Yalikuwa thelathini na moja.